Mkate wa Nyumbani Bunia: Ngano ya Mbali, Muhogo wa Karibu

Unga wa ngano unapopanda bei Bunia, mji wa jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mabishano yale yale hurudi. Wako wanaosema kwamba mama anayeoka nyumbani kwake mtaani Rwambuzi apunguze ngano na kuweka unga wa muhogo, maana muhogo unalimwa Ituri na hauvuki mpaka wowote. Wako wanaojibu kwamba mkate wa muhogo hauumuki, hukauka kabla ya jioni na wateja huukataa. Wengine huleta hofu: muhogo una sumu, na anayewapa watoto keki yake anahatarisha miguu yao. Na wako wanaoona suala zima ni la bure, kwa kuwa makala (makaa) ya kuokea mkate mmoja nyumbani hugharimu kuliko mkate wenyewe dukani.

Madai yote manne yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu wamechanganyikiwa. Tatizo ni kwamba yanajibiwa kwa mkupuo. Mkate, keki, biskuti na pai vinataka unga wa tabia tofauti. Unga wa fufu uliotokana na muhogo uliovundikwa ni kitu kimoja, na unga wa muhogo uliokaushwa siku ile ile ulipong'olewa ni kitu kingine. Hata moto wa kuokea mkate mmoja na moto wa kuokea mikate thelathini haulinganishwi. Inafaa kuyatenganisha haya kwanza, ndipo tupime.

Ngano inafikaje Bunia

Karibu ngano yote inayoliwa Kongo hununuliwa nje. Magharibi mwa nchi kuna kinu cha MIDEMA kilichoko Matadi, mahali meli zinaposhusha nafaka. Ituri iko pembe ya pili kabisa ya nchi, na unga wa Matadi hauna barabara ya kuaminika ya kufikia huku. Bunia inakula kutoka mashariki: ngano hushushwa Mombasa, husagwa Kenya au Uganda, kisha unga hupanda malori hadi Mahagi na kushuka kwa barabara ya taifa namba 27, au huvushwa Ziwa Albert kwa boti hadi Kasenyi na Tchomia.

Kila hatua ya safari hiyo ina bei yake. Barabara ya Mahagi imekatika mara nyingi tangu mapigano ya Djugu yalipoanza upya mwishoni mwa 2017. Hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, iliyotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021 haikuimaliza shida hiyo. Mfuko wa unga unaofika salama umelipiwa mafuta, ushuru, vizuizi na hatari ya kuporwa. Kisha huja mambo yasiyo na uhusiano wowote na Ituri. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili zilizokuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano ya biashara duniani ziliingia vitani, na Mei mwaka huo India nayo ikazuia ngano yake isitoke. Mtu wa Rwambuzi asiyejua Ukraine iko wapi alilipia vita vile katika kila andazi.

Kongo si kwamba haikuwahi kulima ngano. Wakati wa Wabelgiji ililimwa katika milima ya Lubero, Kivu Kaskazini, ambako baridi ya juu inaifaa. Nyanda za juu za Djugu nazo zina baridi, lakini ndiko wakulima walikofukuzwa mashambani na wengi wao kuishia katika kambi za wakimbizi wa ndani kama Kigonze, hapo hapo Bunia. Kwa sasa, kumwambia mwokaji asubiri ngano ya Ituri ni kumwambia asubiri amani kwanza.

Kwa hiyo hoja ya wanaotetea muhogo ina msingi imara upande wa uchumi. Udhaifu wake uko ndani ya bakuli la kukandia.

Kinachouinua mkate

Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini. Zikikutana na maji na kukandwa, huungana na kuwa gluteni, utando unaonyumbuka. Hamira hula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na utando huo huishika hewa isitoroke hadi moto uugandishe mkate ukiwa umejaa. Hakuna nafaka nyingine wala mzizi unaofanya hivyo kwa nguvu ya ngano.

Unga mzuri wa mkate huwa na protini ya asilimia 11 hadi 13. Unga wa keki huwa na 8 au 9. Unga wa muhogo una asilimia 1 au 2 tu, na ndani yake hamna gluteni hata kidogo. Karibu wote ni wanga. Hesabu iliyobaki ni rahisi. Chukua ngano yenye protini ya asilimia 12. Ukiondoa sehemu moja kati ya kumi na kuweka muhogo, mchanganyiko unabaki na karibu 11: bado ni unga wa mkate. Ukiondoa sehemu tatu kati ya kumi, unashuka hadi karibu 9, na kibaya zaidi, gluteni iliyomo sasa inabeba mzigo wa wanga usioisaidia. Hapo umetengeneza unga wa keki na kuutaka ufanye kazi ya mkate.

Mazoezi ya waokaji wa nchi nyingi yanakubaliana na hesabu hiyo. Asilimia 10 ya muhogo mzuri, mlaji wa kawaida haitambui. Asilimia 20, mkate hupungua kimo na huwahi kukauka, ingawa unalika. Kupita 30 bila viungo vya kuusaidia, anayelalamika ana haki ya kulalamika.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu ile ile, ambao katika mabishano hausemwi. Unga unaopatikana madukani Bunia hununuliwa kwa mkate, mandazi na chapati, na mama huyo huyo huutumia kwa keki ya ubatizo. Keki haitaki gluteni nyingi. Ikikorogwa sana kwa unga wenye nguvu hutoka ngumu, yenye kuvutika, na mwokaji hulaumu mayai au moto. Katika nchi ambako unga wa keki huuzwa peke yake, anayeukosa nyumbani huchanganya unga wa kawaida na wanga wa mahindi. Muhogo ni wanga pia. Robo ya unga wa muhogo katika keki ya Bunia hailetwi kwa ajili ya kubana matumizi tu: huifanya keki iwe laini zaidi. Ni faida mbili kwa pamoja, na kwa maoni yangu watetezi wa muhogo wamejidhulumu kwa kuupigania mkate, mahali ambapo hoja yao ni dhaifu, na kuiacha keki inayowangoja.

Biskuti huenda mbali zaidi. Biskuti haihitaji kuumuka, inahitaji kuvunjika, na nusu ya unga wake yaweza kuwa muhogo bila lawama. Pai ni hivyo hivyo: gamba lake linataka kusambaratika mdomoni, gluteni humkera mwokaji wake. Sambusa ni kinyume, kwa sababu kaki yake lazima ivutike hadi iwe nyembamba. Hapo ngano ibaki yenyewe.

Waliojaribu kabla yetu

Wazo la kuchanganya unga lina umri mkubwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mpango wake wa unga mchanganyiko mwaka 1964. Senegal ilijaribu mkate wa ngano na mawele ulioitwa pamiblé, kazi ya taasisi ya teknolojia ya chakula ya Dakar. Wakazi wa mji walirudi kwenye mkate wao mweupe.

Nigeria ndiyo iliyosukuma kwa nguvu kuliko wote. Mwaka 2005 serikali ya Rais Obasanjo iliagiza wasagaji waweke asilimia 10 ya muhogo katika unga wa mkate. Mwaka 2012, chini ya Rais Goodluck Jonathan na waziri wake wa kilimo Akinwumi Adesina, ushuru wa ngano na unga wa kigeni ulipandishwa ili kuupa muhogo nafasi. Nchi hiyo inaongoza duniani kwa kulima muhogo, ilikuwa na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, pale pale Ibadan, ilikuwa na amri na ilikuwa na ushuru. Hata hivyo ngano iliendelea kuingia, na baada ya 2015 msukumo ulififia.

Kilichoishinda Nigeria kinatuhusu. Muhogo ulikuwapo tele mashambani, lakini unga wa muhogo wenye ubora ule ule wiki hii na wiki ijayo haukuwapo wa kutosha. Msagaji alipopata mfuko mmoja mweupe na mwingine wa kijivu wenye harufu, alirudi kwenye ngano. Tatizo lilikaa kati ya shamba na kinu, mahali amri ya serikali haifiki. Kwa mwokaji wa nyumbani hali ni afadhali kidogo: anaweza kuushika unga, kuunusa na kumjua aliyeukausha. Kiwanda hakina nafasi hiyo.

Sumu: hofu ya kweli iliyowekwa mahali pasipo pake

Wanaoogopa muhogo hawajabuni hofu yao. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, kitu ambacho kikivunjwa hutoa sianidi. Kongo inaijua gharama yake kuliko nchi nyingi. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na bila kurudi nyuma, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, na umeendelea kuwapiga watoto na wanawake wa huko hasa miaka ya njaa, watu wanapokula muhogo mchungu ulioandaliwa haraka bila maharage, samaki wala nyama ya kuusindikiza.

Hata hivyo hoja ya sumu, kama inavyosemwa mtaani, ina makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba hatari imo katika keki na haimo katika fufu. Mtu hula fufu sahani nzima, mara mbili kwa siku. Kipande cha keki chenye robo ya muhogo ni kidogo sana mbele yake. La pili ni kudhani kwamba tanuri itausafisha unga mbaya. Linamarini yenyewe inastahimili joto. Kinachoivunja ni kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo, na hicho hufa kwa moto. Anayeuingiza unga mbaya tanurini anaua kimeng'enya na kuiacha linamarini. Usafi wa muhogo unamalizika kabla ya moto kuwashwa.

Na hapa pana mvutano wa kweli kati ya usalama na uokaji. Katika sehemu nyingi za Ituri na Uganda muhogo mchungu huvundikwa kwa malundo hadi uote ukungu, kisha hukwanguliwa na kuanikwa. Njia hiyo, pamoja na ile ya kuloweka siku tatu au nne, huondoa sehemu kubwa ya sumu. Lakini unga wake una uchachu, rangi ya kijivu na harufu. Katika fufu ndiyo ladha inayotafutwa, katika keki ni doa. Unga wa kuokea unataka njia nyingine: kumenya, kuosha, kuparuza, kukamua maji kwa uzito, kuanika tabaka jembamba na kusaga, yote kabla muhogo haujaanza kuchachuka. Kuparuza ndiko kunakolinda, kwa sababu hupasua chembechembe na kukikutanisha kimeng'enya na linamarini, kisha maji yanayokamuliwa huondoka na sehemu ya sumu. Anayeruka hatua hiyo, akakata vipande na kuanika tu, amechagua njia mbaya kuliko zote, hasa kama muhogo wake ni mchungu. Kwa njia hii ya haraka, ni busara kutumia muhogo mtamu.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Mama hana kipimo nyumbani, lakini ana kinga ya ziada iliyopendekezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na kutumika vijijini Kongo kwenye konzo: loanisha unga kwa maji, utandaze usizidi sentimita moja, uache kivulini saa tano au juani saa mbili, hewa ya sumu itoke. Kwa fufu unapikwa siku hiyo hiyo. Kwa keki pia unaweza kuingia ukiwa bado na unyevu, mradi maji au maziwa ya kukorogea yapunguzwe kwa kiasi kile.

Viazi vitamu

Kuna kundi jingine linalosema tuuache muhogo na tuchukue viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Rwanda, kampuni ya Urwibutso ya Sina Gérard imeuza biskuti za viazi hivyo kwa jina la Golden Power. Kenya, kampuni ya Organi ya Homa Bay ilisambaza viazi vilivyopondwa kwa mikate ya maduka ya Tuskys, kabla mtandao huo wa maduka haujaporomoka.

Sifa zake ni nzuri: vitamini A, rangi ya kuvutia, utamu unaopunguza sukari ya kununua, na hakuna suala la sianidi. Upungufu wake unafichwa na namna vinavyohesabiwa. Waokaji wanaposema asilimia 40 ya viazi, wanapima viazi vilivyochemshwa na kupondwa, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Ngano iliyookolewa ni ndogo kuliko tarakimu inavyoonyesha. Halafu viazi vilivyopondwa havilali bila friji. Kwa kiwanda cha Bunia hilo ni kikwazo kikubwa. Kwa mtu anayechemsha asubuhi na kuoka mchana si kitu. Ni moja ya mambo machache ambayo nyumba inakishinda kiwanda waziwazi.

Moto

Sasa dai la makala. Umeme wa Bunia hutegemea kwa sehemu kituo cha Budana kwenye mto Shari, kilichojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na hauifikii kila nyumba wala kila saa. Uokaji wa nyumbani kwa hiyo ni wa makala au kuni: sufuria juu ya mbabula (jiko la makala), makala mengine juu ya mfuniko, au tanuri ya matofali uani.

Wanaosema mkate mmoja haulipi wana haki kamili. Mkate unataka joto la digrii 200 hadi 230, na sehemu kubwa ya makala huishia kupasha chombo na ukuta. Gharama hiyo ni karibu ile ile uwe umeoka mkate mmoja au minne. Keki hutaka digrii 170 hadi 180, hivyo hukubali sufuria na makala ya juu na chini bila shida. Waswahili wa pwani walilijua hili zamani: mkate wa kumimina, wa mchele na nazi na hamira, huiva kwa moto wa juu na wa chini, na ndani yake hamna ngano hata punje.

Tanuri ya matofali hubadilisha hesabu. Ikishapata moto, hushuka polepole: mikate huingia kwanza, keki hufuata, biskuti humalizia joto lililobaki. Familia moja haiwezi kulitumia joto lote hilo. Akina mama sita wanaweza. Watu wa Bunia wanaifahamu likelemba ya pesa, kila mmoja akichanga na kupokea kwa zamu. Likelemba ya tanuri, yenye zamu ya kuni na siku moja ya kuoka kwa wiki, ingepunguza gharama ya moto kuliko mabadiliko yoyote ya unga. Ugumu wake ni kuaminiana, hasa katika mji uliojaa watu waliotoka vitani na wasiofahamiana.

Jambo dogo la kiufundi lisisahaulike. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye digrii kama 96. Hewa ndani ya keki hutanuka upesi kuliko pwani, kisha keki huzama katikati. Anayefuata kipimo cha Mombasa apunguze bekingi poda kama sehemu moja ya nane na kuongeza maji kidogo. Mkate nao huumuka haraka zaidi. Usiachwe kwa saa, uangaliwe kwa kimo.

Kupima

Nikiweka madai yote kwenye mizani, naona hivi. Mkate wa kila siku ubaki wa ngano, muhogo usipite sehemu moja kati ya kumi, na uokwe nyumbani pale tu moto unapogawanywa na wengi. Asiye na wenzake wa tanuri anapata hasara kwa kushindana na mwokaji wa mkate wa biashara. Keki, biskuti, vitafunwa vidogo vya chai ya mchana na pai ndizo kazi za nyumba hasa: zinakubali robo hadi nusu ya unga wa Ituri, zinakubali moto wa sufuria, na faida yake ni kubwa kwa sababu mteja hulipia ustadi kuliko uzito. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Waganda wana kabalagala, unga wa muhogo na ndizi mbivu vikikandwa pamoja na kukaangwa, bila ngano. Ni ushahidi kwamba kitafunwa kizuri hakihitaji kuiga mkate.

Pingamizi moja inabaki, nayo ni nzito. Ushauri huu wote unasimama juu ya unga mweupe wa muhogo usiochachuka, na unga unaojaa masokoni umeandaliwa kwa fufu. Kuparuza kilo kumi kwa mkono na kukamua kwa gunia na mawe ni kazi ya siku nzima ambayo mama mwenye watoto na biashara hana. Mashine ya kuparuzia, kamio la skrubu na turubai safi za kuanikia havizidi uwezo wa chama kimoja cha wanawake au parokia moja. Fedha za misaada zinazoingia Bunia kwa jina la kazi za wanawake zimenunulia watu cherehani nyingi; sehemu yake ingenunua kamio, likawekwa mahali ambapo muhogo mtamu wa mashamba ya jirani unafikia siku hiyo hiyo unapong'olewa.